Jinsi ya kuchambua tamathali za semi: mwongozo kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa

Mpe mwanafunzi wa kidato cha nne shairi la beti tano, atakuorodheshea tamathali saba, yaani maneno yaliyopindwa kutoka matumizi yake ya kawaida, kabla hujamaliza chai yako. Tashibiha hii hapa, takriri ile pale, tashihisi ubeti wa tatu. Muulize zinafanya kazi gani, atakujibu kwamba "zinapamba lugha." Jibu hilo limekaririwa madarasani mpaka limeisha ladha, na halimsaidii mtu yeyote: si mwanafunzi kwenye mtihani, si mpiga kura anayemsikiliza mgombea uwanja wa Furahisha jijini Mwanza, si mtu anayesoma riwaya kwa raha zake.

Mwongozo huu unashika upande wa kazi. Utajifunza kumkamata msemaji anafanya nini kwa maneno yake. Majina ya tamathali yatakuja njiani, kila moja pale linapohitajika.

Hatua ya 1: Kusanya sentensi zenye mwenyewe

Usianze na orodha ya kitabuni. "Juma ni mrefu kama mlingoti" haina msemaji, haina msikilizaji, wala haja iliyomsukuma mtu kufungua mdomo. Huwezi kupima kazi ya sentensi ambayo haikuwahi kutumwa kazi.

Chukua daftari uende Mwaloni Kirumba asubuhi dagaa wakiuzwa, au ukae stendi ya Nyegezi nusu saa. Sikiliza vikao vya harusi, mahubiri, taarifa ya habari, salamu za rambirambi. Soma maandishi ya nyuma ya daladala na majina ya khanga. Andika sentensi kama ilivyotamkwa, usiisafishe. Pembeni andika mambo matatu: nani kasema, kamwambia nani, alikuwa anataka nini. Sentensi kumi zinatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Iandike kwa maneno makavu

Kwa kila sentensi, andika maana yake bila pambo, jinsi karani angeiandika kwenye muhtasari wa kikao. "Mzee wetu ametangulia" inakuwa "Mzee wetu amekufa." "Bei ya sukari imepaa" inakuwa "Bei ya sukari imeongezeka sana." Kisha zisome zote mbili kwa sauti. Kuna kitu kilikuwepo kwenye ya kwanza na hakipo kwenye ya pili. Kitafute ukiandike. Hicho ndicho tamathali ilichokuwa inafanya, na uchambuzi wako wote utajengwa hapo.

Mara nyingine hakuna kinachopotea. Mguu wa meza, mkono wa saa, kichwa cha habari: hizi zilikuwa sitiari zamani, leo ni majina ya vitu tu. Ziache. Mwanafunzi anayeandika kwamba mtunzi ametumia sitiari kwa sababu ametaja mguu wa meza anajaza ukurasa bure.

Hatua ya 3: Uliza kilichochezewa ni nini, ndipo utoe jina

Tamathali nyingi huchezea kimoja kati ya vitu vichache. Kama kitu kimelinganishwa na kingine kwa kiunganishi (kama, mithili ya, utadhani), ni tashibiha. Kiunganishi kikiondolewa na kitu kikaitwa jina la kingine moja kwa moja, ni sitiari. Kama kisicho mtu kimepewa tabia za mtu, ni tashihisi. Ukubwa ukizidishwa kupita uwezekano, ni mubaalagha. Ukali ukifunikwa ni tafsida. Maana ikigeuzwa kinyume cha maneno yenyewe ni kejeli. Na kuna zile zinazochezea mpangilio: takriri (kurudia neno), tabaini (kukataa kimoja ili kusisitiza kingine), tashtiti (swali lisilosubiri jibu). Hizo nitazirudia, kwa sababu watu huzipita haraka.

Usigombane sana juu ya majina. Ziwa letu, Victoria, linagusa nchi tatu, na vitabu vinavuka mpaka. Ukinunua cha Kenya utakuta chuku pale ambapo chetu kinaandika mubaalagha, na swali la balagha pale ambapo sisi tunasema tashtiti. Majazi ndiyo yenye fujo kubwa zaidi: kitabu kimoja kinaiita hivyo tabia ya kutaja kitu kwa jina la kingine kinachohusiana nacho, kingine kinalitumia neno hilohilo kwa majina ya wahusika yanayolingana na tabia zao. Mtu wa Mwanza akisema "Bugando wamesema nirudi Jumatatu," kila mmoja anajua kilichosema si kilima, ni daktari wa hospitali iliyo juu yake. Eleza hivyo kwanza, kisha tumia jina la kitabu ambacho mwalimu wako anakifuata.

Hatua ya 4: Kwenye sitiari, hesabu sifa zilizohama na zilizoachwa

Hapa ndipo penye utajiri, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua sentensi: "Rushwa ni gugumaji la ofisi zetu." Gawa ukurasa katikati. Kushoto andika unachokijua juu ya gugumaji. Lilianza kuonekana ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980, na asili yake ni Amerika Kusini. Linaelea, halihitaji udongo. Linazaliana kwa kasi, na kipande kinachobaki baada ya kung'oa huanza upya. Lina maua mazuri ya zambarau. Linafunga mialo mpaka mtumbwi unashindwa kutoka. Kulipunguza, waliletwa mbawakavu wanaolitafuna.

Kulia andika ni sifa ipi kati ya hizo msemaji ameihamishia kwenye rushwa. Sentensi inayofuata ndiyo itakayokuambia. Akiendelea, "ukiing'oa leo, kesho imeota," basi kilichohama ni ukaidi wa kurudi. Akisema, "kwa mbali inapendeza," amehamisha maua: rushwa ina watu inaowanufaisha, na kwao haionekani mbaya. Akisema, "mwananchi hawezi tena kuifikia huduma," amehamisha mwalo uliofungwa. Sitiari moja, kazi tatu tofauti, na mwanafunzi anayeandika kwamba "mtunzi amefananisha rushwa na gugumaji" hajasema lolote kati ya hayo.

Sasa angalia safu ya kushoto, mambo yaliyobaki bila kuhamishwa. Gugumaji lilitoka nje. Je, rushwa ya ofisi zetu nayo ilitoka nje? Gugumaji halina nia. Linaota kwa sababu maji yana rutuba. Anayepokea rushwa ana nia, ana jina na ana kiti. Msemaji akitumia sitiari ya mmea, huyo mtu anapotea machoni pa msikilizaji, anabaki na jani linaloelea. Pengine msemaji hakukusudia. Pengine alikusudia. Kazi yako ni kuonyesha kwamba mtu huyo amepotea.

Jaribu mwenyewe na sangara. "Yule ni sangara wa mtaa huu." Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza furu wengi, hula hata watoto wake. Ukimwita hivyo tajiri anayenunua viwanja vya majirani, watu watakuelewa upesi. Lakini samaki huyohuyo ndiye aliyeleta viwanda vya minofu jijini. Aliyesomesha watoto kwa mshahara wa kiwandani anaweza kuisikia sentensi hiyo kama sifa: mtu mkubwa, mwenye thamani. Ndiyo maana daftari lako linahitaji ile safu ya kamwambia nani.

Hatua ya 5: Uliza ishara hiyo ina maana gani mahali hapo

Ukikuta mbalamwezi kwenye shairi, mkono utakimbilia kuandika "ishara ya uzuri, mapenzi au matumaini." Ngoja kwanza. Uliza mhusika anaishi wapi na anakula nini.

Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo usiku unapokuwa mweusi ndipo taa inapovuta vizuri. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa kila mahali, taa haina nguvu, na mitumbwi hupumzika. Nyavu zinashonwa, madeni ya dukani yanaongezeka, wauza chakula wa mwaloni wanalalamika. Hadithi inayoanza kwa mbalamwezi iliyojaa juu ya Ukerewe inaweza kuwa inaanza na njaa. Giza, ambalo vitabu vingi hulifanya ishara ya ujinga au uovu, ndilo msimu wa fedha.

Mwamba vilevile. Kwa mhubiri ni msingi usiotikisika. Kwa aliyejenga kilimani Mabatini ni kitu kinachokataa kuchimbika choo. Huna haja ya kuchagua maana moja ukatupa nyingine; mwandishi mzuri huziacha zigongane. Lakini ukiandika maana ya kitabuni bila kuangalia mahali, utasoma hadithi ambayo mwandishi hakuiandika.

Hatua ya 6: Kwenye tashihisi, tafuta mtendaji aliyefichwa

Chombo kikizama, watu husema: "Ziwa limemeza watu." Ni tashihisi yenye nguvu, ziwa limepewa kinywa na njaa. Iandike kwa maneno makavu. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kilitengenezwa kubeba abiria 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, nayo ilikuwa imezidisha watu.

Angalia kilichotokea kwenye sarufi. Katika sentensi ya kwanza aliyetenda ni ziwa. Katika maneno makavu kuna watu waliopakia, waliokata tiketi, waliopaswa kukagua. Tashihisi imewatoa jukwaani wote.

Hilo halimaanishi kwamba anayeitumia anadanganya. Mama aliyempoteza mwanawe, akisimama ufukweni na kusema ziwa limemmeza, anasema ukweli wa msiba wake, na hakuna anayestahili kumsahihisha. Sentensi hiyohiyo ikitoka kwa mtu mwenye dhamana ya usafiri, mbele ya kipaza sauti, inafanya kazi nyingine kabisa. Tamathali ni moja, maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni mdomo.

Hatua ya 7: Kwenye tafsida na kejeli, pima uhusiano wa wasemaji

Tafsida ina swali moja la kuuliza: anayefichwa asiumie ni nani? "Ametangulia mbele za haki" inamsitiri mfiwa. "Mama ana hali" inalinda heshima ya mama mjamzito mbele ya wakwe. "Bei zimerekebishwa" haimlindi mnunuzi, inamlinda aliyezipandisha. "Kitu kidogo" inamlinda anayeomba, na pia inampunguzia aibu anayetoa. Vitabu vingi huisifu tafsida kuwa ni adabu ya lugha. Mimi ningeigawa: ile inayomsitiri aliye dhaifu, na ile inayomkinga mwenye nguvu.

Kejeli ni ngumu zaidi kwenye maandishi, kwa kuwa sauti haipo. Tuseme mteja ametaja bei ya chini mno ya ndoo ya dagaa, na muuzaji anamjibu, "Kwa bei hiyo, baba, si nikupe na mtumbwi kabisa?" Umbo la nje ni tashtiti. Ndani yake kuna mubaalagha ya mtumbwi. Lakini kinachobeba mzigo ni kejeli: ukarimu wa uongo unaomwambia mteja kwamba amevuka mpaka. Na lile neno "baba" limefanya kazi kubwa isiyo na jina kwenye orodha yoyote: limeacha mlango wazi, biashara iendelee. Ukikuta tamathali tatu kwenye sentensi moja, usizitaje zote kwa uzito sawa. Iondoe moja moja na uone ipi ikitoka sentensi inaanguka.

Kejeli nyingine hujengwa polepole. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama huko Mara, alichapisha mwaka 1963 tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Katika mazishi ya Caesar, Antony anasimama na kumwita Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, mtu mwenye heshima, tena na tena, huku kati ya sifa na sifa akiweka ushahidi wa kinyume. Mara ya kwanza wasikilizaji wanaipokea kama sifa. Mwishoni maneno yaleyale yamekuwa mashtaka. Takriri ndiyo iliyobeba kejeli mgongoni. Ukichambua maandishi ya aina hii, fuata neno linalorudiwa, uandike pembeni lina maana gani kila linapotokea.

Hatua ya 8: Soma kwa sauti ili uusikie mpangilio

Takriri, tabaini na tashtiti hazionekani vizuri kwa jicho. Zisome kwa sauti, polepole, ukisimama penye alama.

Mfano bora kabisa ulitoka wakati vita vilipofika upande wa magharibi wa ziwa hili. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, Mwalimu alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Jaribu maneno makavu: "Tuna uwezo, sababu na nia ya kumpiga." Taarifa haijapungua hata kidogo. Sasa yasome yote mawili kwa sauti. Katika toleo kavu, vitu vitatu vimefungwa kwenye furushi moja na kupita haraka. Katika toleo la Mwalimu kila kimoja kimepewa sentensi yake, kimetangulizwa mbele, kisha kikafungwa na "tunao" au "tunayo," mahali ambapo umati unaweza kuitikia. "Kumpiga" inagonga mara tatu. Na nia imewekwa mwisho: uwezo na sababu vinaweza kuwepo bila mtu kutoka nyumbani, nia ndiyo inayotangaza kwamba anatoka. Ukibadilisha mpangilio ukaanza na nia, sentensi inalegea.

Tashtiti ijaribu kwa kuijibu. Mgombea akiuliza, "Nani kati yenu hataki barabara ya lami?" jibu kimoyomoyo: hakuna. Kisha sikiliza kwa makini sentensi inayofuata, maana ndiyo iliyokuwa inasubiri mlango ufunguliwe. Ukishakubali la kwanza, mdomo umezoea kukubali. Tabaini nayo ("si fedha, si elimu, bali nidhamu") ipime kwa kuuliza kama vile viwili vilivyokataliwa vinakataliwa kweli, au vimetupwa ili cha tatu king'ae.

Tanakali sauti nisikuchoshe nazo. Injini ya mtumbwi ikilia "tutututu," imelia.

Hatua ya 9: Andika uchambuzi

Kama ni mtihani, aya moja ya sentensi nne au tano kwa kila tamathali inashinda orodha ya kumi. Taja tamathali, nukuu maneno yenyewe, sema kilichohama au kilichofichwa, kisha iunganishe fani (namna ya kusema) na maudhui (kinachosemwa). Namna hii:

"Mtunzi ametumia tashihisi anaposema ziwa limemeza watu. Ziwa limepewa tabia ya kiumbe mwenye njaa, na hivyo linakuwa mtendaji pekee katika sentensi. Wamiliki wa chombo, waliotajwa ubeti wa pili, hawaonekani tena. Kwa kuwa maneno haya yanatamkwa na mkuu wa bandari na si na wafiwa, mtunzi anaonyesha jinsi viongozi wanavyotumia lugha ya msiba kukwepa uwajibikaji, ambayo ndiyo dhamira kuu ya shairi."

Hakuna "imepamba lugha" hapo. Msahihishaji anaona umesoma shairi zima, si mstari mmoja.

Hatua ya 10: Ukitaka kuzitumia wewe mwenyewe

Umepewa nafasi ya kusema kwenye kuaga wanafunzi, kikao cha ukoo au harambee. Andika hotuba yote kwa maneno makavu kwanza. Tafuta mahali pamoja ambapo wasikilizaji lazima wabaki na wewe, huenda ni ombi la mchango au jina la marehemu, na hapo pekee weka tamathali yako. Itoe kwenye vitu ambavyo hao watu wanavigusa: chanja za dagaa, foleni ya mabasi Buzuruga, mawe ya kwao. Kisha msomee mtu mmoja wa rika la wasikilizaji wako, bila kumweleza chochote. Akicheka au akinyamaza mahali ulipokusudia, iache. Akiuliza, "Hapo ulimaanisha nini?" usianze kumfafanulia, ifute, urudishe maneno makavu yaliyokuwepo.